Usanifu wa Uboreshaji wa Mtandao Usiotumia Waya kwa Kuzingatia Mahitaji ya Mteja: Mfano wa Ghala la Mpunga, Igawa

Makala hii inafafanua namna mahitaji ya mteja yanavyoongoza uboreshaji wa mtandao usiotumia waya. Chukulia ghala la mpunga Igawa, wilayani Mbarali, ambako mtandao ukikwama msimu wa mavuno, mkulima hukaa akisubiri malipo yake. Mteja husema “mtandao ni mzito”. Kauli hiyo ni dalili. Msanifu hana budi kubainisha chanzo. Iwapo kiungo cha kwenda kwa mtoa huduma hupitisha megabiti 10 kwa sekunde, na watumiaji 20 wanakitumia kwa pamoja, kila mmoja hupata wastani wa nusu megabiti. Kuongeza ruta ghalani hakubadilishi hesabu hiyo.

Ikidhihirika kuwa kiungo ndicho chanzo, mazingira hupimwa. Kwa kiungo cha kilomita 10 chenye masafa ya gigahezi 5.8, nusukipenyo cha ukanda wa kwanza wa Fresnel hufikia takribani mita 11 katikati ya njia, na asilimia 60 yake, yaani mita 7 hivi, yapasa kuwa wazi. Uviringo wa dunia huongeza mita 1.5. Hivyo, katika tambarare ya Usangu, mti wa mita 10 ulio katikati hulazimu antena zote mbili kuinuliwa zaidi ya mita 18.

Inahitimishwa kuwa kigezo cha mafanikio ni malipo kukamilika siku yenye wakulima wengi zaidi. Kigezo hicho kiandikwe katika mkataba kabla ya kifaa chochote kununuliwa.