Kusomea Kijapani Chuo Kikuu: Mambo Muhimu kwa Wazazi na Wanafunzi

Kila mara matokeo ya KCSE yanapotangazwa, familia nyingi huanza kutafuta nafasi za masomo ng'ambo. Japani ni miongoni mwa nchi zinazotajwa. Pamoja na habari za kweli huja ahadi za mawakala: lipa kiasi fulani, mtoto atasafiri, atasoma lugha, atafanya kazi na kujilipia karo. Kabla familia haijauza ng'ombe au kipande cha shamba, ni vyema ifahamu masomo haya ni yapi, yanaanzia wapi na ni nani anayeyalipia.

Shahada hii inafundisha nini?

Anayesomea lugha na utamaduni wa Kijapani hujifunza kuzungumza, kusoma na kuandika, kisha huingia katika historia, fasihi, dini, siasa na maisha ya jamii ya Japani. Lugha ndiyo inayochukua muda mrefu zaidi.

Kijapani huandikwa kwa mitindo mitatu inayochanganywa katika sentensi moja. Hiragana na katakana zina herufi 46 za msingi kila moja, na mwanafunzi mwenye bidii huzifahamu katika wiki chache. Kanji, alama zilizotoka Uchina, ndizo kazi kubwa. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida ina alama 2,136, na nyingi husomwa kwa namna zaidi ya moja. Alama ya mlima, kwa mfano, husomwa "yama" ikiwa peke yake, lakini Mlima Fuji huitwa "Fuji-san". Hapo "san" ni mlima.

Kuna pia lugha ya heshima. Kitenzi cha kawaida cha kula ni "taberu". Ukimzungumzia mkubwa wako anapokula, utasema "meshiagaru", na ukijizungumzia kwa unyenyekevu utasema "itadaku". Mtoto aliyelelewa kuamkia wazee kwa shikamoo na kungoja marahaba hatashangaa kuona lugha ikipima umri na cheo.

Mzungumzaji wa Kiswahili ana mwanzo mzuri

Kijapani kina vokali tano, a, i, u, e na o, ambazo matamshi yake yanakaribiana sana na yetu. Silabi nyingi huishia kwa vokali, kama katika Kiswahili. Urefu wa vokali hubadilisha maana: "obasan" ni shangazi, "obaasan" ni nyanya.

Hata ngeli zetu zina kitu cha kufanana nazo. Mjapani anapohesabu, hubadilisha neno la hesabu kulingana na umbo au aina ya kitu. Kalamu tatu ni "sanbon", karatasi tatu ni "sanmai" na paka watatu ni "sanbiki".

Tofauti kubwa iko katika mpangilio wa sentensi, kwani kitenzi hukaa mwisho. Tunaposema "Ninakunywa chai", Mjapani hutaja chai kwanza, kisha kunywa.

Uhusiano huu una pande mbili. Chuo Kikuu cha Osaka kina kitivo cha lugha za kigeni ambako vijana wa Kijapani husomea Kiswahili kama somo kuu la shahada. Naye Profesa Wangari Maathai, alipozuru Japani mwaka wa 2005, alivutiwa na neno "mottainai", linaloeleza uchungu wa kuona kitu chenye thamani kikipotezwa bure. Alilitumia katika kampeni zake za mazingira duniani.

Pa kuanzia hapa nchini

Si lazima kusafiri ili kuanza. Kijapani hufundishwa katika baadhi ya vyuo vikuu nchini, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kabla ya kujiunga, uliza kama chuo kinatoa shahada kamili au masomo machache ya lugha tu, na uhakikishe kozi imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE).

Kiwango cha lugha hupimwa kwa mtihani wa kimataifa uitwao JLPT, wenye ngazi tano: N5 kwa wanaoanza hadi N1 kwa waliobobea. Hapa Kenya hufanyiwa Nairobi mwezi wa Desemba.

Ufadhili wa serikali ya Japani

Wizara ya elimu ya Japani, ijulikanayo kama MEXT, hutoa ufadhili kupitia ubalozi wake Nairobi. Aina mbili zinahusu zaidi somo hili.

Aina ya kwanza ni ya shahada ya kwanza, kwa waliomaliza shule ya upili. Waombaji huchujwa kwa stakabadhi, mitihani ya kuandika na mahojiano. Anayechaguliwa huanza kwa mwaka mmoja wa kujifunza lugha, kisha huingia chuo kikuu kwa miaka minne. Mwaka wa masomo Japani huanza Aprili.

Aina ya pili ni ya wanafunzi ambao tayari wanasomea lugha au utamaduni wa Kijapani katika chuo kikuu nje ya Japani. Hao hukaa Japani kwa takriban mwaka mmoja, kisha hurudi kumaliza shahada yao. Ndiyo sababu kuanza masomo hapa nyumbani kunaweza kufungua mlango wa kwenda huko.

Ufadhili huu hulipia karo, nauli ya ndege ya kwenda na kurudi, na posho ya kila mwezi. Kutuma maombi ni bure. Masharti ya umri na alama hutangazwa na ubalozi kila mwaka, na yanafaa kusomwa kutoka kwa ubalozi wenyewe.

Tahadhari kwa familia

Shule ya lugha si chuo kikuu. Shule za lugha za kibinafsi Japani hutoa mafunzo ya mwaka mmoja hadi miwili na hazitoi shahada. Mwanafunzi wa kigeni anayetaka kufanya kazi akisoma huhitaji kibali, na wakati wa muhula hawezi kuzidisha saa 28 kwa wiki. Mapato ya saa hizo yagawe kwa kodi ya nyumba, chakula na karo kabla ya kuamini kwamba mtoto atajilipia kila kitu. Anayezidisha saa anahatarisha kibali chake cha kuishi huko.

Kabla ya kumpa wakala pesa, fanya mambo haya:

1. Pata jina la shule au chuo na uwasiliane nacho moja kwa moja.
2. Uliza kwa maandishi kama mwanafunzi atapata shahada, diploma au cheti cha lugha tu.
3. Piga hesabu ya gharama za mwaka mzima, si nauli na karo ya kwanza pekee.
4. Kumbuka kwamba viza hutolewa na serikali ya Japani. Hakuna wakala anayeweza kuihakikisha.
5. Anayedai ada ili akupatie nafasi ya ufadhili wa MEXT, usimlipe. Piga ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu.

Kwa mwanafunzi aliye kidato cha tatu au cha nne, hatua ya leo haina gharama kubwa. Ajitahidi katika hisabati na Kiingereza, ambayo hutahiniwa katika ufadhili wa shahada ya kwanza, na aanze na herufi 46 za hiragana. Akizimaliza na bado ana hamu ya kuendelea, mzazi atakuwa na jambo la kweli la kujadili naye.