Utiririshaji wa video kwenye mtandao wa ndani wa shule

Utiririshaji wa video kwenye mtandao wa ndani wa shule ni njia ya kurusha mubashara picha na sauti za somo kutoka chumba kimoja hadi vyumba vingine vya shule ileile bila kutumia intaneti. Data husafiri kwa kebo au Wi-Fi ndani ya eneo la shule tu, kwa hiyo hakuna bando linalotumika.

Njia hii inafaa kwa shule za miji kama Kilosa na Mikumi, mkoani Morogoro. Pale ambapo mwalimu wa fizikia ni mmoja na mikondo ni mingi, jaribio moja la maabara linaweza kutazamwa na mikondo yote kwa wakati mmoja.

Vifaa

Vinahitajika kamera, kompyuta ya kurushia, kompyuta nyingine ya kuwa seva, swichi, kebo na projekta kwa kila darasa. Projekta hufaa kuliko simu, kwa kuwa shule nyingi nchini haziruhusu wanafunzi kuwa na simu. Kebo ya kawaida ya shaba isizidi mita 100. Jengo lililo mbali zaidi huhitaji swichi ya katikati au nyuzi za mwanga.

Jinsi inavyofanya kazi

Programu ya bure kama OBS Studio hubana video na kuituma kwenye seva kwa itifaki ya RTMP. Seva, kwa mfano yenye programu ya nginx na moduli ya RTMP, huikata video katika vipande vya sekunde chache kwa mfumo wa HLS. Watazamaji hufungua anwani ya seva, kama 192.168.1.10, kwa VLC au kivinjari. Anwani hiyo isibadilike. Kichezeshi cha video cha kivinjari nacho kihifadhiwe kwenye seva, la sivyo ukurasa utakitafuta kwenye intaneti na kukwama.

HLS huchelewa kwa sekunde kadhaa, pengine hata nusu dakika. Mwalimu akiuliza swali, hana budi kusubiri.

Hesabu ya uwezo

Video ya megabiti 1.5 kwa sekunde hutumia megabaiti 675 kwa saa. Kompyuta 40 zikiitazama kupitia intaneti, kila moja huvuta nakala yake, jumla gigabaiti 27. Kwenye mtandao wa ndani gharama hiyo haipo, lakini seva hubeba megabiti 60 kwa sekunde, mzigo unaoweza kuilemea Wi-Fi ya kituo kimoja. Projekta nne huhitaji megabiti 6 tu.

Mipaka

Mtandao wa ndani hauwezi peke yake kuunganisha shule ya Kilosa na ya Mikumi. Miji hiyo imetengana kwa makumi ya kilomita, na antena za redio za masafa hayo huhitaji kuonana bila vilima kati yake. Kwa hiyo hutumika intaneti, au somo hurekodiwa na kupelekwa kwa diski.

Umeme ukikatika, matangazo hukatika. Betri ya akiba huilinda seva izimwe salama. Aidha, sura za wanafunzi ni taarifa binafsi zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ni vyema kamera ielekezwe kwa mwalimu na ubao.