Uvimbe kwenye Titi: Usingoje Maumivu

Je, kansa ya matiti hugunduliwa kwa mashine kubwa tu? Hapana. Hata mikono iliyofundishwa huweza kuigundua.

Mwaka 1998 utafiti ulianza katika mji wa Mumbai, India. Wanawake ambao si madaktari walifundishwa kupima matiti kwa mikono. Waliwapima wenzao kila baada ya miaka miwili. Aliyeonekana na dalili alipelekwa hospitali. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Kwa wanawake wenye miaka 50 na zaidi, mahali ambapo wangekufa 100 kwa kansa hiyo, walikufa kama 70. Uvimbe uligunduliwa ungali mdogo.

Mama, ukiona uvimbe kwenye titi, ngozi iliyobonyea, au chuchu inayotoa damu, nenda zahanati. Kansa ikianza, mara nyingi haiumi. Si kila uvimbe ni kansa, lakini lazima upimwe. Shirika la Afya Duniani linataka ugonjwa ujulikane ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kwa mganga. Basi ukipewa barua ya kwenda hospitali, usiifungie sandukuni. Nawe baba, tafuta nauli, umsindikize mkeo.