Maniema Union: kwa nini "nyumbani" ilikuwa Kinshasa?

Bandugu, hapa Nyangwe tulifuata mechi za Maniema Union kwa redio, hata zile za "nyumbani". Msimu wa 2024-2025, katika makundi ya Ligi ya Mabingwa, ekipe yetu ilipokea Raja, AS FAR na Mamelodi Sundowns kwenye Stade des Martyrs, Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kindu.

Shida haikuwa mpira, ilikuwa kiwanja. CAF haiangalii tu vipimo, metre 105 kwa 68. Inaomba pia taa za usiku, viti vya mtu mmoja mmoja, vyumba vya wachezaji na marefa, nafasi ya waandishi.

Mimi niliyesoma agronomia naanzia chini. Pelouse iwe ya asili ao ya sintetiki, bila changarawe, mchanga na mabomba ya kutoa maji chini yake, mvua moja ya Maniema inaigeuza ziwa. Kazi hiyo haionekani siku ya ufunguzi.

Kwa hiyo, mtu akituahidi kutengeneza kiwanja, tusiulize rangi ya ukuta. Tuulize: maji yatapita wapi? Ekipe ikichezea kwao, hata mama wa maandazi anapata. Ikihama, pesa hiyo inabaki Kinshasa.