Kwaresima ya Uganda, mwaka 1977

Jumatano ya Februari 16, 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana la Uganda aliitwa Kampala pamoja na maaskofu wenzake. Rais Idi Amin alikuwa amewakusanya wanajeshi, mabalozi na viongozi wa dini, na mbele yao zikasomwa tuhuma kwamba askofu huyo alishiriki njama ya kuipindua serikali kwa kushirikiana na rais wa zamani, Milton Obote, aliyekuwa uhamishoni Tanzania. Maaskofu wengine waliruhusiwa kuondoka. Luwum akabakizwa. Festo Kivengere, Askofu wa Kigezi, alimsubiri nje hadi walinzi walipomfukuza.

Kesho yake serikali ilitangaza kwamba askofu mkuu na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Uganda nzima ilijua kwamba haikuwa ajali. Wiki moja baadaye, Jumatano ya Februari 23, Kwaresima ikaanza.

Naikumbuka Kwaresima hiyo kila mwaka, hasa ninaposikia namna tunavyowafariji watu waliopatwa na msiba. Mama amefiwa na mwanawe, turubai halijashushwa, na tayari kuna mtu anamwambia asilie sana kwa kuwa Mungu ana mpango wake. Baba amepoteza kazi, ada ya watoto haijalipwa, naye anaambiwa aongeze imani, mwaka huu ni wake. Tunasema hivyo kwa upendo, sina shaka. Lakini kwa kusema hivyo tunamfungia mwenzetu mlango wa kilio, ilhali Kanisa lilishamtengea siku arobaini za kulia mbele za Mungu bila kuona haya.

Waganda wa mwaka ule hawakuweza kujidanganya kwa maneno mepesi. Hata kumzika mchungaji wao walizuiwa. Kaburi lilikuwa limechimbwa Namirembe, kando ya kanisa kuu, karibu na alipozikwa Askofu James Hannington, lakini mwili haukuletwa. Wanajeshi waliupeleka Mucwini, kijijini kwao Luwum, kaskazini mwa nchi, wakitaka uzikwe haraka. Inasimuliwa kwamba ardhi ilikuwa ngumu kwa kiangazi, kaburi halikumalizika siku ile, na jeneza likalala kanisani. Usiku huo watu walilifungua, wakaona matundu ya risasi.

Serikali ilipiga marufuku ibada ya kumwombea marehemu mjini Kampala. Hata hivyo, Jumapili ya Februari 20 maelfu ya watu walipanda kilima cha Namirembe kusali ibada yao ya kawaida, na baada ya ibada wakalizunguka lile kaburi lililokuwa wazi. Inasemekana Askofu Mkuu mstaafu Erica Sabiti aliwakumbusha habari ambayo malaika aliwapa wale wanawake waliofika kaburini alfajiri ya Pasaka. Watu wakaimba. Siwezi kufikiria mahubiri yaliyohitaji ujasiri kuliko hayo: kutaja ufufuko huku wapelelezi wakiwa wamesimama katikati ya waumini, na muuaji akiwa bado Ikulu.

Siku zilezile Kivengere aliarifiwa kwamba zamu yake imefika. Yeye na mkewe, Mera, waliondoka usiku, wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Wasomaji wa Tanzania wana sababu ya kumkumbuka mtu huyu: alifundisha shule Dodoma kwa miaka mingi kabla ya kuwa askofu, na alikuwa miongoni mwa wahubiri mashuhuri wa ule uamsho wa Afrika Mashariki uliotuachia wimbo wa Tukutendereza. Sasa alikuwa mkimbizi. Rafiki yake ameuawa, waumini wake wako mikononi mwa wauaji, naye yuko salama ughaibuni. Aliyewahi kunusurika mahali ambapo wengine waliangamia anajua uzito wa usalama wa namna hiyo.

Baadaye Kivengere alieleza waziwazi kilichokuwa kikimtokea moyoni katika majuma hayo. Chuki dhidi ya Amin ilikuwa ikikua. Aliona inamkausha, inamnyima hata uwezo wa kusali. Askofu, mhubiri wa upendo wa Mungu kwa miaka mingi, na bado chuki ilimshika. Hapo ndipo ninapomwamini zaidi. Angesema kwamba alisamehe siku ileile aliyovuka mpaka, ningepata shida kumsikiliza.

Ilimchukua Kwaresima nzima. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, Aprili 8, alikuwa London, akaingia Kanisa la All Souls kwenye ibada ya muda wa saa tatu ya kutafakari maneno saba ya Yesu msalabani. Neno la kwanza ni lile la kuwaombea msamaha waliomsulubisha. Kivengere alisimulia kwamba pale aliona hawezi kumtoa Amin katika sala hiyo. Yesu hakuweka orodha ya wasiohusika. Alitoka akiwa amesamehe. Mwaka huohuo alichapisha kitabu ambacho jina lake liliwashtua wengi, kwamba anampenda Idi Amin. Hata hivyo, aliendelea kusema hadharani juu ya mauaji ya Uganda popote aliposikilizwa. Kwake msamaha haukuwa kuuficha uovu, na hili ningependa lisikike vizuri kwa kila mwanamke aliyewahi kuambiwa asamehe ili anyamaze.

Tunapofuata Njia ya Msalaba siku za Ijumaa, tunasimama mara tatu kwa sababu Yesu ameanguka: kituo cha tatu, cha saba na cha tisa. Hakuna anayemwambia ainuke upesi. Hata kilio chake msalabani, cha kuona kwamba ameachwa na Mungu, kilitoka katika Zaburi ya 22, sala ambayo Waisraeli walikuwa wakiisali kabla yake. Na Zaburi ya 88 inaishia gizani kabisa, bila neno moja la faraja, na bado imo katika Biblia, inasaliwa. Anayelia hivyo bado anazungumza na Mungu. Jumuiya inaweza kukaa naye kwanza, ikamletea chakula, ikamsaidia kuteka maji, na kuyaacha mahubiri kwa siku nyingine.

Pasaka ya 1977 ilifika Aprili 10. Hakuna kilichokuwa kimebadilika. Amin alitawala, watu walizidi kupotea, na Luwum alikuwa amelala Mucwini. Makanisa yaliimba Aleluya vilevile, na mwezi Juni Kanisa la Uganda likaadhimisha miaka mia moja tangu wamisionari wa kwanza wa Kianglikana walipofika. Miaka miwili mingine ilipita kabla majeshi ya Tanzania na ya Waganda waliokuwa uhamishoni hayajaiteka Kampala, Aprili 11, 1979. Ilikuwa Jumatano ya Juma Kuu. Kivengere alirejea Kabale, kwenye dayosisi yake ya Kigezi, mwaka huo, akawachunga watu wake hadi alipofariki mwaka 1988.