Mwacheni Bibi Achuchumae

Nilipopata bumu langu la kwanza, nilimnunulia bibi kiti cha plastiki, kile chenye mikono. Nikampeleka Mtabila, kule Kasulu, na amri juu: "Bibi, umelima vya kutosha, sasa pumzika." Majirani wakasema mjukuu ana adabu. Hata mwaka haujaisha, bibi aliyekuwa akichuchumaa nusu saa nzima akichambua maharage hakuweza tena kushuka kwenye mkeka bila kushikwa mkono.

Mtaani wakashauri apelekwe kwa mkandaji akanyooshwe mgongo. Mjini wenye hela nao wana yao, kiropraktiki, ambayo video zake mmeziona kwenye simu: mtu analazwa, anageuzwa, mgongo unalia ko! na watu wanashangilia. Ilianzishwa na Daniel David Palmer huko Davenport, Iowa, Marekani, mwaka 1895. Yeye aliamini magonjwa mengi yanatokana na pingili za mgongo kukaa vibaya. Hapo sayansi haikumfuata. Na ule mlio, jamani, siyo mfupa unarudi mahali pake. Ni gesi iliyomo kwenye majimaji ya kiungo.

Ila siyo uongo wote. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini, na kunyoosha pingili kwa mikono pamoja na kukanda vimo kati ya tiba zinazoweza kusaidia. Vinakwenda pamoja na mazoezi na elimu kwa mgonjwa. Mikanda ya kiuno, hii tunayouziwa barabarani, walishauri isitumike.

Kwa nini mazoezi? Gegedu, ile nyama ngumu inayofunika ncha za mifupa kwenye viungo, haina mishipa ya damu. Hulishwa na majimaji ya kiungo, na majimaji hayo husukumwa pale unapokunja na kukunjua. Ukikaa tu, gegedu inalala njaa. Misuli nayo huanza kupungua mtu akifika kama miaka 30, asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi, na asiyeitumia anapoteza zaidi. Kwa hiyo mtu anaweza kukunyoosha leo ukajisikia mwepesi, lakini ukirudi kukaa kutwa, utakakamaa tena. Bibi jembe lilimchosha, kweli, lakini kuinama na kuinuka ndiko kulikokuwa kunamlinda, na mimi ndiye niliyemnyang'anya.

Tulimpeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Hakumvunjavunja mgongo. Alimwambia akae kwenye kiti changu kilekile, ainuke bila kushika mikono yake, mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Kisha asimame kwa mguu mmoja karibu na ukuta. Maharage achambue akiwa kwenye kigoda kwanza, mkeka baadaye. WHO nao huwashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kutoyumba angalau siku tatu kwa wiki.

Wewe uliyejikunja kitandani hosteli ukisoma hapa, hebu chuchumaa visigino vikiwa chini. Mimi nilijaribu mbele ya bibi nikaanguka kinyumenyume.

Tahadhari moja, na hii siyo ya utani. Mzee aliyeanguka, anayekonda, mwenye homa za jioni (TB hushika hata uti wa mgongo), anayekufa ganzi miguuni au kushindwa kuzuia mkojo, asiguswe na mkandaji wala mnyooshaji. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Bibi hajarudi kama zamani. Asubuhi za baridi bado analalamika magoti. Lakini mkeka ameurudia, na ana matuta mawili ya maharage nyuma ya nyumba. Juzi nikampigia simu kuuliza kiti kinaendeleaje. Akasema kipo, anawakalisha wageni.