Malipo ya Ugonjwa Kuanzia Siku ya Kwanza: Mwongozo kwa Wenye Viwanda na Karakana za Ilford



Kuanzia tarehe 6 Aprili 2026, kanuni za malipo ya ugonjwa ambayo mwajiri analazimika kuyatoa kisheria zinabadilika katika England, Scotland na Wales. Kipeperushi hiki ni kwa wenye viwanda na karakana ndogo, wanaotengeneza vyakula, kushona nguo au kuunda samani kwa wafanyakazi wachache.

Nini kinabadilika

Kwanza, siku tatu za kungoja zimefutwa. Hapo awali malipo yalianza siku ya nne ya ugonjwa. Sasa yanaanza siku ya kwanza.

Pili, kima cha chini cha kipato kimeondolewa. Aliyepata chini ya pauni 125 kwa wiki hakuwa na haki ya malipo haya, sasa anayo.

Tatu, mfanyakazi atalipwa asilimia 80 ya wastani wa kipato chake cha wiki, au pauni 123.25 kwa wiki, kutegemea kiasi kipi ni kidogo. Muda wa juu unabaki wiki 28.

Kwa mfano, mfanyakazi wa siku tano apataye pauni 400 kwa wiki akiugua siku mbili, atalipwa pauni 49.30. Zamani asingepata kitu. Mwenzake wa siku mbili kwa wiki, apataye pauni 100, atalipwa pauni 40 kwa kila siku ya kazi aliyougua.

Waliopata kuajiriwa Kenya watakumbuka kwamba sheria ya huko ya mwaka 2007 huanza kwa siku saba za mshahara kamili. Hapa kiwango ni kidogo zaidi, lakini hudumu kwa muda mrefu zaidi.

Kwa nini jambo hili ni la afya

Homa ya mafua huambukiza zaidi katika siku za mwanzo, na hizo ndizo siku ambazo mgonjwa hakuwa akilipwa. Mwenye kodi ya nyumba na watoto alilazimika kuchagua kati ya afya na riziki, akaja kazini. Mmoja akikohoa kwenye meza ya kazi, zamu nzima huweza kuugua. Gharama za malipo haya hubebwa na mwajiri, wala serikali haizirejeshi. Lakini zamu iliyolala kitandani humgharimu zaidi.

Kwa wanaoshika chakula, tahadhari ni kubwa zaidi: aliyeharisha au kutapika asirudi kazini kabla ya saa 48 kupita tangu dalili zikome.

Mambo ya kufanya sasa

1. Kagueni mikataba na miongozo ya kazi; ondoeni maneno yanayotaja siku tatu za kungoja.
2. Mjulisheni mhasibu au anayeandaa mishahara, na mhakikishe programu yake imesasishwa.
3. Orodhesheni wafanyakazi wa muda na wasio na saa maalumu, ambao huenda hawakuwa na haki hii zamani.
4. Waelezeni wasimamizi wa zamu kwamba mgonjwa hadaiwi cheti cha daktari katika siku saba za kwanza, zikiwemo za mapumziko. Maelezo yake mwenyewe yanatosha.
5. Wekeni utaratibu wa kutoa taarifa: nani apigiwe simu, na saa ngapi.
6. Fundisheni kila kazi muhimu kwa watu wawili angalau, ili mmoja akiugua mashine isisimame.
7. Wajulisheni wafanyakazi haki hii kwa lugha wanayoielewa. Asiyeijua ataendelea kuja kazini akiwa mgonjwa.

Kwa ushauri wa bure, waajiri na wafanyakazi wanaweza kupiga simu Acas, nambari 0300 123 1100.